Pasi Iliyotoka Mahakamani

Kitendawili, na ujibu mwenyewe, usimtazame mwenzako: anakaa ndani ya ukuta wangu, hana sura wala sauti, namwita kwa ncha ya kidole, anafika kabla sijashusha mkono. Ni nani?

Ukishindwa sikudai mji. Ni umeme. Na kama ulitaka kusema mke mwenza, basi Mungu akusaidie huko nyumbani kwako.

Huyo wa ukutani ndiye aliyempa kazi mama mmoja wa makamo, mtunza vitu katika makumbusho ya mkoa, yale ya taa na vyombo vya umeme. Watoto wa shule walimwita Mama Taa, na jina likamganda hata kwa wakubwa zake. Jengo lenyewe zamani lilikuwa nyumba ya mitambo. Madirisha yalikuwa juu kabisa, marefu, na sakafu nyeusi kwa dizeli iliyoinywa miaka mingi. Uipige deki kwa sabuni ya aina yoyote, mvua ikinyesha tu harufu inarudi kukukumbusha ilikotoka. Chumba cha kwanza kilikuwa cha taa, kuanzia za utambi hadi balbu zenye uzi mweusi ndani kama unywele wa mtoto. Cha pili kilikuwa na redio na feni. Cha tatu watoto walikipenda kuliko vyote, maana kilikuwa jiko zima: majiko ya koili, birika, friji lenye miguu minne kama meza, na ukutani pasi, safu baada ya safu, kutoka ya mkaa yenye jogoo kwenye kifuniko hadi ya mvuke.

Kazi hiyo Mama Taa aliijua kama anavyojua kusuka nywele zake mwenyewe. Alikuwa na utaratibu wake, na wenzake waliufuata hata walipouona ni mrefu. Chombo kikiingia, kabla hakijawekwa rafuni, kinafunguliwa plagi. Nyaya zinachorwa kwenye karatasi vile vile zilivyokutwa, kila rangi mahali pake, halafu ncha zinakatwa, ili asije akatokea mjuaji akakichomeka ukutani aone kama bado kinafanya kazi. Kisha anajaza kadi. Kwenye kadi palikuwa na mstari alioubuni yeye, nao ulisema: Mkono wa mwisho. Hapo liliandikwa jina la fundi aliyekitengeneza mara ya mwisho, kama alijulikana. Viwanda, alikuwa akisema, vimejiandika majina kwenye bati kwa herufi za kung'aa, lakini aliyekesha na bisibisi mpaka kitu kikaamka hakuna anayemtaja.

Ajabu ni kwamba katika kadi zote zile, jina la baba yake halikuwamo hata moja. Na baba yake ndiye fundi aliyetandaza nyaya katika nusu ya nyumba za mji ule.

Tusikimbilie huko. Siku yenyewe ilianza vizuri. Karani wa mahakama alikuja asubuhi na mkokoteni, amepakia sanduku la mbao. Stoo ya mahakama ilikuwa inasafishwa, akaeleza, na vielelezo vya kesi zilizokwisha zamani ama vinatupwa ama vinakuja huku. Akataka sahihi tatu, akapiga chafya mara nne kwa vumbi, akaondoka akisema yeye umeme hauamini, kwake anapikia gesi.

Mama Taa akaita msaidizi wake, fundi wa makumbusho, kijana mwenye mke na watoto wawili ambaye wote walimwita Shoti, kwa sababu siku yake ya kwanza kazini alizima jengo zima na ofisi mbili za jirani. Wakafungua sanduku. Redio ya mbao, iliyoibwa mahali fulani ikapatikana mahali pengine. Birika. Drili. Na pasi nzito, nyeusi mpini, tumbo la chuma lililoshika kutu pembeni, waya wake umevikwa kitambaa kama ilivyokuwa zamani. Ilifungwa kadi ya kahawia kwa kamba. Mama Taa akaigeuza kadi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma namba ya jalada, akasoma mwaka, akasoma neno kifo. Chini yake paliandikwa jina la marehemu.

Lilikuwa jina la mama yake.

Shoti alikuwa anahangaika na redio, hakuona kitu. Mama Taa alikaa kwenye kiti. Hakulia. Miaka thelathini na mitano ni mingi, machozi nayo yanajifunza kungoja ruhusa. Aliiweka pasi juu ya meza mbele yake, wakatazamana.

Alikuwa na miaka minane siku ile. Alichokikumbuka ni kidogo: kwamba alikuwa uani, kwamba jirani alimbeba akamfunika uso na khanga, na kwamba nyumba ilijaa miguu. Yaliyobaki alisimuliwa na mama mkubwa, dada wa mama yake, aliyemchukua siku ya tatu baada ya maziko akamlea mpaka akaolewa. Mama mkubwa alisimulia kwa namna moja tu, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayesali. Mama yako alichomeka pasi. Pasi haikupata moto. Akaigusa kwa kiganja aone, naye kasimama miguu mitupu kwenye saruji iliyotoka kupigwa deki. Pasi hiyo ilitoka mezani kwa baba yako asubuhi ile ile. Fundi wa watu wote, mke wake akamtengenezea kifo.

Baba hakubisha. Polisi walimwuliza nani alifunga ile plagi, akasema mimi. Mahakama ikamwuliza, akasema mimi. Wakamwuliza kama aliijaribu kabla ya kuitoa, maana mji mzima ulijua sheria yake: kitu hakitoki kwenye meza yake mpaka akiwashe mwenyewe, kwa mkono wake, na testa ya kupimia umeme mkononi. Hapo akanyamaza. Mahakama ikaandika ajali, ikafunga jalada. Wajomba hawakufunga lolote. Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Baba akauza vifaa vyake, akaanza kushona viatu.

Mama Taa alipofika miaka kumi na tisa alikwenda kwake, amevaa gauni la heshima, akasimama mbele ya benchi lake la viatu akamwuliza swali hilo hilo. "Baba, uliijaribu?" Baba aliinamia kiatu akaendelea kupigilia soli. Binti alisimama mpaka miguu ikauma. Akageuka, na tangu siku hiyo wakawa watu wa kukutana misibani: shikamoo, marahaba, kila mtu na mkeka wake. Alipoolewa, aliyesimama mahali pa baba alikuwa mjomba. Watoto wake walikua wakijua kwamba babu yupo, kama wanavyojua kwamba kuna volkano mahali fulani duniani.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, wala hakikuwa kikubwa. Alitaka asikie baba yake akisema: sikuijaribu, nilizembea. Akisema hivyo, labda angeweza kumsamehe. Mtu humsamehe vipi aliyefumba mdomo?

Basi kumbe jibu lilikuwa limekaa stoo ya mahakama, ndani ya plagi, muda wote huo.

"Mama, hii nayo tuifungue?" Shoti alikuwa amemaliza redio, anaikodolea macho pasi.

Mama Taa angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amewasumbua wenzake miaka kumi na minne na utaratibu wake, asingeuvunja kwa sababu zamu imemfikia yeye. Akasema ifungue. Akachukua karatasi na penseli za rangi, kama alivyofanya kwa birika na kwa redio, akakaa tayari kuchora.

Shoti alitoa skrubu, akafunua plagi, akachungulia, akapiga mluzi. Nyaya zilikuwa tatu, mwekundu, mweusi na wa kijivu. Mwekundu ulifungwa kwenye jino la moto. Mweusi kwenye jino la kurudi. Wa kijivu ulipewa nafasi iliyobaki, ya ardhini.

Sasa, wewe usiyejua mambo ya nyaya usiogope, ni rahisi. Moto ndio unaoleta umeme. Wa kurudi unaurudisha. Wa ardhini unashikwa na mwili wa chombo, kazi yake ni kuuteremsha umeme uliopotea njia, uingie chini usimwingie mtu. Kila waya una rangi yake, na katika mji ule hata aliyefagia karakana aliujua wimbo: mwekundu moto, mweusi hurudi, kijani hulala chini.

"Amefunga kwa wimbo," Shoti akasema. Akaenda kabatini, akatoa kijitabu cha kiwanda kilichounda pasi za aina ile ng'ambo, akapekua, akaweka kidole. Pasi hizi, akaeleza, hazikuimba wimbo wetu. Kwa kiwanda hiki mwekundu ndio ulikuwa wa ardhini, mweusi ndio wa moto, wa kijivu wa kurudi. Aliyefunga kwa wimbo aliuchukua umeme akaupeleka moja kwa moja kwenye tumbo la pasi. Pasi haiwezi kupata moto kabisa ikifungwa hivyo. Inakaa baridi, mwili wote umeshika umeme, inamngoja mtu. "Ukiichomeka tu uigonge na testa, dakika haiishi unajua," akasema. "Haikujaribiwa hii."

Mama Taa alichora mwekundu.

"Na aliyefunga ni wa mkono wa kushoto kama wewe," Shoti akaongeza, akicheka. "Hebu ona alivyozungusha. Sisi tunazungushia skrubu upande wa kukaza, yeye kazungusha kinyume. Wewe ndiye mtu wa pekee ninayemjua anayefunga hivi. Isingekuwa ya zamani hivi, mama, ningesema ni kazi yako."

Penseli ikakaa juu ya karatasi.

Akainama. Akaiona sehemu ambapo ganda la waya lilikuwa limechubuliwa. Fundi huchubua kwa kisu au kwa plaizi, linatoka safi kama ganda la ndizi. Hapa lilikuwa limetafunwa. Palikuwa na alama za meno kwenye waya mwekundu, meno madogo, na katikati ya alama palikuwa na nafasi, kama ya mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

Baba alikuwa akimkataza. Usichubue kwa meno, utakuja kuniambia nini ukiwa bibi harusi kibogoyo? Lakini vidole vyake havikuwa na nguvu ya kubana plaizi, kwa hiyo baba akigeuza kisogo yeye anauma. Alikuwa na stuli yake pale karakanani, iliyokatwa miguu ifae kimo chake. Alikuwa na bisibisi yake yenye mpini wa manjano. Siku zote alijua kwamba plagi alizofunga zilikuwa za kuchezea tu, za vyombo vilivyokufa, baba akimpa ili atulie. Hivyo ndivyo alivyojua. Nani alimwambia? Alijaribu kukumbuka nani alimwambia. Alikuwa baba, usiku wa maziko, amechuchumaa mbele yake, akimshika mabega yote mawili: wewe ulikuwa unafunga zile mbovu tu, mama, unasikia? Zile mbovu tu.

Shoti akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni vumbi. Akaomba aende nyumbani mapema, jambo ambalo hakuwahi kuliomba tangu aajiriwe. Kadi ya pasi aliiacha mezani imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja. Mchoro aliukunja akautia kwenye mkoba.

Hakwenda nyumbani. Alitembea kwa miguu mpaka upande wa pili wa mji, kwenye jua la saa tisa, akiwa hajui atasema nini. Kila nyumba aliyopita aliangalia pale waya unapoingia chini ya paa. Nyingi zilikuwa kazi ya baba yake. Alizifahamu kwa jinsi waya ulivyopinda kidogo chini kabla ya kuingia ukutani, ili maji ya mvua yadondoke nje. Miaka yote alikuwa amezipita bila kuinua macho.

Baba yake alikuwa kwenye kibaraza, mbele ya chumba chake, na benchi, na kopo la misumari, na viatu vimepangwa kwa jozi kama wanafunzi. Mwili ulikuwa umepungua. Juu ya mlango palibaki tundu la waya, limezibwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Dirishani taa ya mafuta. Alikuwa amekata umeme nyumbani kwake mwaka ule ule, na hakuurudisha.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua uso. Alichelewa kuitika kama mtu anayehesabu ni nani amekufa. "Marahaba, mama. Kuna msiba?"

Akasema hakuna. Mzee akafuta stuli kwa kitambaa, mara mbili, akamsogezea. Akamwuliza habari za wajukuu, kwa majina yao, wakubwa kwa wadogo, hakuruka hata mmoja. Mama Taa alijibu, akistaajabu alizijua vipi habari za yule wa mwisho. Baadaye mkoba ulifunguliwa, na mchoro ukawekwa juu ya benchi kati ya kisu na gundi.

Fundi hahitaji maelezo. Mzee aliutazama tu. Mwekundu, mweusi, kijivu. Mkono wake uliokuwa na nyundo ulishuka polepole mpaka ukapumzika gotini.

"Imetoka mahakamani leo," binti akasema. "Nimeichora mimi."

"Plagi hiyo nilifunga mimi."

"Imezungushwa kinyume, baba. Wewe si wa mkono wa kushoto."

"Siku ile nilikuwa wa kushoto," mzee akasema.

Hakucheka, wala hakuwa anatania. Alisema kama alivyosema kwa polisi na kama alivyosema mahakamani, neno alilolibeba hadi likazoea bega lake. Na Mama Taa, aliyekuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakaanza kumcheza. Alilia kwa ajili ya mama yake, na ya mtoto mwenye pengo aliyekuwa anaimba wimbo wake vizuri kabisa, bila kukosea hata neno. Alilia kwa ajili ya gauni lile la heshima alilolivaa kuja kumhukumu mtu. Harusi yake ilipita bila baba. Watoto watano walizaliwa, na mzee huyu hakumbeba hata mmoja.

Mzee hakumgusa. Alisogeza kopo la misumari, akalirudisha lilipokuwa.

Akatokea mwanamke kuchukua kiatu chake. Akaona mgeni anafuta macho, akaona haya, akataka kurudi. Mzee akamzuia. Akamtolea kiatu, akamwonyesha kisigino, akamwambia sasa akimbie nacho hata akifukuzwa na wadai wa mkopo, hakitoki. Mwanamke akacheka nusu, akashukuru, akaenda zake. Mzee akabaki anautazama mgongo wake mpaka ukakata kona.

Mama Taa alikuwa amekuja na shukrani, amekuja na radhi, amekuja na maneno ambayo njia nzima aliyapanga yakapanguka. Lililotoka ni swali lile lile la alipokuwa na miaka kumi na tisa, ila safari hii aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza kwenye giza kama kuna mtu.

"Baba, uliijaribu?"

Mzee alivuta uzi wa kushonea, akaupitisha kwenye nta, akauvuta tena. Gari likapita, vumbi likatulia. Aliuweka uzi chini. Akaukunja mchoro kwa mikunjo yake ile ile, akampa binti yake mkononi, ule wa kushoto, akaufumba kwa mikono yake miwili.

"Sikuijaribu, mama," akasema. "Kila kitu nilikiwasha mimi kwanza. Ile ulipokuja nayo ukaniambia tayari, nikaona nisikutangulie. Nilitaka mama yako ndiye awe wa kwanza kuona kazi yako ikipata moto."